Mikato Miwili Chini ya Betri

Mimi simu haijawahi kunishinda. Naliandika hili mwanzoni kabisa, asije mtu akafika katikati akadhani anasoma habari za fundi wa kubahatisha. Pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, ukiuliza yuko wapi fundi wa simu zilizokufa, hata muuza mahindi ya kuchoma atakuelekeza kwa kidevu bila kuacha kupepea moto wake. Shule niliishia darasa la nne, Oldonyo Sambu, na sioni haya kulisema. Waliosoma mpaka chuo wananiletea simu zao.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilianza na redio ya baba, ile ya kaseti, iliyonyamaza nikiwa bado nachunga. Niliifungua kwa ncha ya kisu, nikaona waya mmoja umeng'oka, nikaubana kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ikasema. Baba hakunisifu. Aliuliza tu, "Nani alikuruhusu?" Halafu akaisikiliza mpaka betri zikaisha.

Kwa baba huyo huyo ndiko nilikotoa alama yangu. Sisi Waarusha ng'ombe tunawakata alama masikioni, kila boma na mkato wake. Wa kwetu walikuwa na mikato miwili kwenye ncha ya sikio la kushoto. Ng'ombe wetu angeweza kupotea siku tatu porini, na yeyote atakayemshika sikio angejua amrudishe wapi. Basi nilipofungua kibanda changu nikasema na mimi lazima niwe na alama. Kila simu niliyoifungua, kabla sijaifunga, niliinua betri nikachora kwa ncha ya sindano, kona ya kushoto: mistari miwili mifupi, imenyooka kama imepigwa rula. Wateja niliwaambia ni kinga, kwamba asije mtu akaniletea madudu ya fundi mwingine akasema ni yangu. Hiyo ni kweli, ila ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda kujua kuwa nusu ya simu za Sakina zinatembea na alama ya baba yangu tumboni.

Kuna ufundi mwingine niliokuwa nao, na huu sijauona kwa mtu mwingine hapa mjini. Simu mpya huja na kibandiko kidogo juu ya skrubu moja ya ndani. Ukikigusa kinachanika, na kikichanika waranti imekufa, maana waliotengeneza simu wanajua kuna mtu aliingia. Mimi nilikuwa nakibandua kwa mvuke na wembe, nakilaza kwenye kioo, na nikimaliza kazi nakirudisha bila mkunjo. Mteja aliyekuja kwangu kuongezewa hiki na kile, simu yake ikija kuharibika kwa sababu nyingine, nilimrudishia kila kitu mahali pake, akaenda kudai waranti na uso wa malaika. Sikuona dhambi. Kama kioo chao kimekufa chenyewe, kuna ubaya gani mimi niliwahi kugusa spika?

Sasa nije kwa mama mkwe wangu.

Mke wangu ni Mmeru, na mama yake anaishi kwenye mteremko wa mlima, katikati ya kahawa na migomba, kwenye nyumba ambayo kutoka mlangoni unaona mji wote umelala chini. Ni mzee wa kanisa katika usharika wao. Sikio lake la kulia halisikii tangu zamani, na la kushoto linasikia ukiliendea karibu. Wakati naoa, upande wao walikuwa na walimu wawili na nesi mmoja. Mimi nilikuwa na bisibisi. Baba alipopeleka ng'ombe wa mahari, mama huyu aliwapokea vizuri, akawashika masikio mmoja mmoja, ila mimi hakuwa ananitazama sana. Aliongea nami kwa heshima yote, kama unavyoongea na mgeni ambaye hujui atakaa siku ngapi.

Krismasi moja watoto wake walichanga wakamnunulia simu janja, dukani kabisa, na kadi ya waranti ya miezi kumi na miwili. Haukupita mwezi akaniita.

"Mkwe," aliniambia, "hii simu inaninong'oneza. Mimi si mchumba wake. Inaninong'oneza nini?"

Kicheko kikanitoka mpaka nikajisahau mbele yake. Nikaichukua. Nilitoa spika ndogo ya sikioni, nikaweka ya simu kubwa zaidi, nikachonga kidogo plastiki ya ndani ipate nafasi, nikaongeza nguvu ya sauti kwa upande wa programu pia. Kazi ya asubuhi moja. Kibandiko nikakirudisha. Mistari yangu miwili nikaichora. Nilijua kwamba kwa kuifungua ile simu nimeua waranti yake, na sikumwambia. Nilijiambia kwamba ni mama wa watu, habari za vibandiko zitamchosha. Ukweli ni kwamba nilitaka anione nimempa kitu, sikutaka aone nimechukua kitu.

Siku aliyompigia dada yake anayeishi Moshi akamsikia neno kwa neno, alisimama katikati ya uwanja akapiga kelele, "Nasikia! Nasikia hata anavyotafuna!" Baada ya hapo nikawa mtu. Kanisani akawa anaitoa simu kwenye mkoba na kusema ni mkwe wake aliyeifanya iseme. Ikitokea shughuli kwao, kiti changu kikawa karibu na chake. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kukaa kwenye kiti kile, na nilikikalia vizuri.

Masika yaliyofuata simu ikapofuka.

Mama alishuka mwenyewe, na tope mpaka kwenye vifundo, akaingia kibandani kwangu. Nikaruka kumpa stuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Jicho la simu limekufa. Jana lilikuwa na mistari ya kijani, leo ni usiku mtupu. Inaita, lakini sioni nani ananiita."

Niliitazama mara moja tu. Aina ile ya simu ilikuwa na ugonjwa huo kutoka kiwandani; nilishaona nyingine ambazo hazikuguswa na mtu, zikianza na mistari ya kijani vile vile. Kosa halikuwa langu, na hilo nitalisema mbele ya hakimu yeyote.

"Niachie, mama. Nitakutengenezea mwenyewe."

"Kwa nini utoe chako?" Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha nyimbo, na katikati ya kitabu akatoa kadi ya waranti, safi kama siku ilipotoka. "Hawa wameandika mwaka, na mwaka haujaisha. Walitoa neno lao. Twende tukawashike kwa neno lao. Wewe unajua lugha ya mambo haya, utanisindikiza."

Ningesema nini? Ningeweza kusema, mama, neno lao lilikuwa na sharti, na sharti nililivunja mimi bila kukuuliza. Maneno hayo si mengi. Lakini niliona kile kiti kinasogea kutoka karibu na chake kwenda mlangoni. Nikasema, "Niachie siku mbili niisafishe kwanza."

Nikairudisha kama ilivyozaliwa. Spika yao ndogo nilikuwa nimeihifadhi kwenye kopo, nikaiweka. Ile plastiki niliyochonga nikabadilisha na nzima. Kibandiko kikalala mahali pake, mpaka mimi mwenyewe nikakipigia saluti. Kitu kimoja sikukigusa, kwa sababu hakikunijia akilini kabisa. Mtu haoni kope zake mwenyewe.

Kituo cha waliotengeneza simu ile kiko upande wa Themi. Chumba kina ubaridi wa mashine, viti vya chuma vimeunganishwa, unachukua namba unangoja. Tulipoitwa tulikaa kaunta, na hapa nitaandika kitu ambacho mke wangu alikijua baadaye sana. Nilichagua viti. Nilikaa kushoto kwa mama, upande wa sikio lake linalosikia, na yule dada wa kaunta, pamoja na kioo chake chenye tundu la kuongelea, wakaangukia upande wa sikio lililokufa.

"Simu imewahi kufunguliwa na fundi mwingine?" dada akauliza.

"Haijawahi."

"Kubadilishwa kifaa chochote, au programu?"

"Iko kama ilivyotoka dukani."

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anauliza ilinunuliwa wapi," nikamwambia sikioni.

Dada akaigeuza fomu. "Mwenye simu asaini hapa, chini ya maelezo."

Miwani mama alikuwa ameiacha nyumbani. Akauliza asaini wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, kwa mkono ule ule unaosaini mihtasari ya usharika. Nilikuwa natazama.

Simu ikaenda nyuma ya ukuta wa kioo, kwenye meza ya mafundi. Tukakaa. Nikamsimulia mama habari za mahindi ya Oldonyo Sambu, nikamweleza bei, nikamweleza mvua. Niliongea sana siku hiyo. Kwa pembe ya jicho nilimwona chalii mmoja, kijana mwenye fulana ya kituo, anaifungua. Anakitazama kibandiko kwa lenzi. Anaridhika. Moyo wangu ukatabasamu. Akainua betri.

Hapo ndipo nikakumbuka.

Nilimwona akiinama, akimwita mwenzake, wote wawili wakiinama. Chalii akapiga picha ya ndani ya simu kwa simu yake, akatoka anakuja kwetu, na anacheka.

"Shikamooni," akasema. "Mzee, mama, mna bahati. Kioo ni kasoro ya kiwanda, tunawabadilishia bila maneno. Na yenu ni lile toleo zuri."

"Toleo gani?" nikauliza.

Akainama akatuonyesha picha, karibu kabisa, kwa sauti ya mtu anayependa kazi yake, na mama safari hii akasikia kila kitu. "Haya mavistari mawili mnayaona? Chini ya betri. Ni alama ya kiwandani. Simu zenye hii zinakuja hapa mara kwa mara, na ndani zake ni safi ajabu, hakuna vumbi, waya zimelala zote. Sisi tunaamini kuna laini moja ya kuundia simu kule kiwandani yenye mafundi wa hali ya juu. Ukiiona hii alama unajua huyu mtu kazi anaijua."

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Ushindi ulikuwa mkononi. Kioo kipya, mama ameridhika, hakuna aliyejua. Na wakati huo huo kuna kijana ananisifu usoni kuliko nilivyowahi kusifiwa, na sifa zote anawapa watu wasiojulikana wa nchi ya mbali wenye makoti meupe! Mikato ya baba yangu!

Mama alikuwa ameishika ile simu ya chalii kwa mikono miwili, ameisogeza mpaka karibu na pua.

"Hii alama naijua," akasema.

"Unaijua, bibi?" Chalii akacheka. "Basi wewe umetembea kiwandani."

"Nimekamua ng'ombe wenye alama hii miaka mingi. Walikuja kwangu kama mahari." Hakunitazama. Alimrudishia simu yake taratibu, akaweka mikono mapajani, akanyamaza, akatazama ukuta. Namjua mama yule. Kanisani akiwa anasuluhisha watu hunyamaza hivyo hivyo, akimwachia mwenye neno nafasi ya kulisema mwenyewe.

Chalii alikuwa bado anacheka, hajaelewa. Nikasimama.

"Kijana," nikamwambia, "hakuna laini yoyote. Kiwanda ni mimi."

"Ati?"

"Mimi ndiye ninayechora. Hiyo simu niliifungua mimi, nikaweka spika kubwa mama asikie, nikaitoa juzi ili nije hapa nikudanganye. Na hizo nyingine zote ulizosifia ni zangu. Nipe sindano nikuchoree nyingine sasa hivi."

Chumba kizima kiligeuka. Dada wa kaunta akaacha kalamu. Chalii alinitazama juu mpaka chini, akasema polepole, "Aisee, mzee. Na kibandiko?"

"Mvuke na wembe."

"Haiwezekani."

"Inawezekana kwangu."

Nakiri kwamba hata wakati ule nilijisikia vizuri kidogo. Nikadhani mambo yameishia hapo, nimesema ukweli kwa kishindo, wataniogopa. Kisha mama akavuta mkono wangu, nikakaa.

"Ile karatasi," akasema. "Niliyoandika jina langu. Ilikuwa inasema nini?"

Hakuna kitu kigumu nilichowahi kufungua kuliko mdomo wangu dakika ile. Nikamsogelea sikio, nikamwambia: ilisema simu haijawahi kuguswa. Nikamwambia pia kwamba dada hakuuliza ilinunuliwa wapi. Na kwamba waranti niliiua mimi, siku ile ile aliyomsikia dada yake akitafuna.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaomba fomu. Dada, ambaye sasa alikuwa anatuonea huruma au haya, sikujua lipi, akaipitisha chini ya kioo. Mama akachukua kalamu akakata jina lake kwa mstari mmoja, akarudia wa pili.

"Sasa andika ya kweli," akaniambia. "Kwa mkono wako."

Niliandika. Mwandiko wa darasa la nne, mbele ya watu, kila kitu nilichotoa na nilichoweka. Mkuu wa kituo akatoka ofisini, mama mmoja mpole mwenye ushungi, akaisoma akiwa amesimama. Alisema kwa upole kwamba kwa fomu hii hawezi kubadilisha kioo bure. Alisema pia ataituma makao makuu, maana hata yeye anaona kioo na spika havihusiani, lakini nisikae nikingoja. Na kuanzia siku hiyo simu yoyote yenye vistari viwili haitapokelewa kwa waranti. Mama alisema asante kwa niaba yetu sote wawili.

Nje, tukitembea kuelekea stendi, nilijaribu kujitetea. Nilimwambia kasoro ilikuwa yao, kila fundi anajua, mimi nilikuwa natafuta haki yake tu.

"Kwenu ng'ombe mnamkata alama wapi?" akauliza.

"Sikioni, mama."

"Kwa nini sikioni?"

"Ili kila mtu aone."

"Basi mbona yako umeificha chini ya betri?"

Nilimfikisha stendi, nikamlipia nauli.

Makao makuu walikataa, kama mama wa ushungi alivyosema. Kioo nilinunua mimi kwao, halisi, na nikakifunga mwenyewe, na ile spika kubwa nikairudisha. Wateja fulani walinijia juu. Kondakta mmoja alisimama mlangoni kwangu akaniita msaliti mbele ya watu wote wa barabara ya Nairobi, kwa kuwa simu yake imekataliwa kituoni kama mbuzi mwenye ugonjwa. Nilimwambia aingie. Nikamtengenezea. Bado ananinunia, ila simu anayo mkononi.

Leo mikato yangu naichora nje, mgongoni mwa simu, kona ya kushoto, anayetaka kuiona aione. Kabla sijashika bisibisi namwambia mwenye simu: nikifungua hii, waranti yako imekufa, unataka nisitishe? Wapo wanaosimama na kuondoka. Wengi wanakaa. Yule chalii wa kituo huja baadhi ya Jumamosi, ananunua mahindi, anasimama mlangoni ananitazama napiga mvuke. Kibandiko sirudishi tena, namwonyesha tu kwamba kinabanduka. Bado hajaweza kukibandua kikiwa kizima.

Mama mkwe hakunifukuza wala hakuniambia neno lingine kuhusu siku ile. Tukifika kwake, kiti changu bado kiko karibu na chake. Amekihamisha tu. Zamani kilikuwa kushoto. Siku hizi ananionyesha kwa mkono, "Kaa huku, baba," kulia, upande wa sikio lililokufa. Nikitaka kumwambia lolote inanibidi nipaze sauti, na nyumba nzima, mpaka walioko kwenye migomba, wanasikia ninachosema.